Kutafuta kazi kwa mpangilio: dhana zinazopoteza muda, na ukweli wake

Mtu anaweza kuamka alfajiri kila siku kutuma maombi ya kazi, na baada ya miezi mitatu bado asijue anakwamia wapi. Dhana zifuatazo ndizo humfikisha huko.

"Tuma maombi mengi, moja litajibu"

Wingi wa maombi haukufundishi chochote kama huweki kumbukumbu. Safari ya kupata kazi ina vituo vinne: ombi, simu ya kwanza, usaili na ofa. Kila ombi lililoshindikana limekwama katika kituo fulani, na kila kituo kina dawa yake. Fungua daftari au jedwali kwenye kompyuta lenye safu hizi: mwajiri, cheo, ulikoliona tangazo, tarehe ya kutuma, toleo la wasifu ulilotuma, tarehe ya kufuatilia, na kituo ombi lilipoishia. Hifadhi pia nakala ya tangazo lenyewe. Matangazo mengi huondolewa mtandaoni muda wa kuomba ukiisha, na ukiitwa kwenye usaili wiki tano baadaye utakuwa huna pa kusoma majukumu yaliyotajwa.

Ukifikisha maombi 20 hivi, kaa na daftari lako. Hakuna aliyepiga simu? Ama wasifu una kasoro, ama unaomba kazi zisizolingana na ujuzi wako. Simu zinakuja lakini mambo yanaishia hapo? Angalia mshahara unaoutaja, tarehe unayosema unaweza kuanza, na namna unavyoeleza sababu ya kuacha kazi ya mwisho. Umefika kwenye usaili mara nne au tano bila ofa? Basi wasifu unafanya kazi yake, usiuguse. Tengeneza majibu yako, kisha hakikisha wadhamini uliowataja wanapatikana na wanajua unaomba kazi gani. Inasikitisha kuona mtu aliyekwama kwenye usaili akiandika upya wasifu wake kila wiki.

"Kazi inayonifaa nitaijua nikiiona"

Ukiwa na shida ya pesa, kila tangazo linavutia. Vigezo vipangwe kabla ya kuanza kusoma matangazo.

Anza na masharti yasiyojadiliwa, yasizidi matatu. Kazi isiyoyatimiza haiombwi. Moja karibu lazima liwe kiwango cha chini cha mshahara, na hicho hakikisiwi, kinakokotolewa: jumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada na madeni ya mwezi mmoja, kisha linganisha na pesa itakayoingia mkononi baada ya makato. Mshahara unaoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni ule wa kabla ya makato.

Baada ya hapo vipe vipaumbele vyako uzito. Tuseme mshahara una uzito wa 5, nafasi ya kujifunza 4, na ukaribu wa kazi 3. Kazi ya kwanza inalipa vizuri sana (alama 5 kati ya 5), haifundishi kitu kikubwa (2), na iko mbali mno (1). Zidisha kila alama kwa uzito wake: 25 + 8 + 3 = 36. Kazi ya pili inalipa wastani (3), inafundisha (4), na iko karibu (5): 15 + 16 + 15 = 46. Ikiwa jibu hilo linakukera na moyo bado uko kwenye kazi ya kwanza, basi uzito ulioandika hauelezi unachokitaka hasa. Urekebishe, lakini fanya hivyo kabla ya kupokea ofa, kwa sababu ofa ikishafika utajikuta unatafuta namba za kuitetea.

"Nisipotimiza sifa zote, nisiombe"

Sifa si za aina moja. Leseni ya taaluma, usajili wa bodi au kibali cha kazi ni mambo ya kisheria; kama huna, usipoteze muda. Sifa zenye maneno kama "itakuwa faida ya ziada" ni matamanio ya mwajiri. Soma majukumu mstari kwa mstari, na kando ya kila mstari andika jambo ulilowahi kufanya linalofanana nalo. Ukipata ushahidi kwa zaidi ya nusu ya mistari na sharti la kisheria unalo, omba. Waajiri wa serikali ni tofauti: mara nyingi huchuja kwa orodha ya sifa, kwa hiyo hata cheti kimoja kikikosekana ombi huwekwa kando.

"Kazi zote ni za kujuana"

Kufahamiana kunasaidia, ila si kwa namna inayodhaniwa. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter, katika makala yake ya 1973, alichunguza wataalamu waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu inaeleweka: rafiki wa karibu hupata habari zilezile unazozipata wewe. Mtu uliyefanya naye kazi zamani anaishi kwenye mazingira mengine na husikia mengine.

Kwa hiyo orodhesha wenzako wa zamani, walimu, wateja na watu uliosoma nao. Usiwaombe kazi. Waombe dakika 20 na uulize: siku nzima mnafanya nini hasa? Wafanyakazi wapya hushindwa wapi? Nizungumze na nani mwingine? Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa.

"Usaili ni wa wanaojua kuongea"

Katika usaili uliopangwa vizuri, kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na majibu hupewa alama. Mwenye maneno mengi yasiyo na tukio hupata alama ndogo. Andaa matukio sita hadi nane kutoka kazini au masomoni, kila moja likiwa na hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya na matokeo, na uyaeleze kwa dakika mbili. Tatizo la kawaida ni kusema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho, msaili akabaki hajui wewe ulifanya lipi.

"Kulipa ada kidogo ndiyo namna ya kupata nafasi"

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa 1997 unasema mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa makundi maalumu. Ukiombwa pesa ya "fomu", "mafunzo" au "uchunguzi wa afya" kabla ya mkataba, simama. Tafuta mwenyewe namba ya mwajiri, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe, piga, na uulize kama nafasi hiyo ipo na nani anayeisimamia.