Kura tatu za maoni, na ile anayoiogopa mbunge wa Missouri

Kuna neno la Kiswahili linalonitesa kila ninaposahihisha mitihani ya siasa linganishi. Kura ya maoni ni ile waliyopiga Wazanzibari tarehe 31 Julai 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kura ya maoni ni pia ule utafiti wa kupigia watu simu na kuwauliza wanaonaje bei ya mafuta. Ukiingia CCM, kura za maoni ni kitu cha tatu kabisa: wanachama wanachuja nani apeperushe bendera ya chama. Mwanafunzi anaandika neno moja, mimi nabaki kubashiri.

Mwaka 2025 adha hiyo ilinifaa. Shemeji yangu anaishi Kansas City, katika jimbo la Missouri, Marekani. Anafanya kazi ghalani, alishapata uraia, na anapiga kura. Mwishoni mwa Septemba alinipigia simu amekasirika: "Shemeji, si tulishapiga kura sisi? Sasa hawa wabunge wamepata wapi ruhusa ya kufuta?"

Alichokuwa anakilalamikia ni hiki. Novemba 2024 wananchi wa Missouri walipitisha pendekezo lililoitwa Proposition A kwa zaidi ya asilimia 57. Lilipandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 15 kwa saa kufikia Januari 2026, na likampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi. Likizo hiyo ilianza kuhesabiwa Mei 1, 2025. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuifuta, Gavana Mike Kehoe akaitia saini Julai, na ilipofika Agosti 28 haikuwepo tena. Haki iliishi miezi minne kasoro.

Siku ileile ya Novemba, wapiga kura walewale walimpa Trump asilimia 58 hivi, na wakawarudisha Warepublican bungeni Jefferson City, makao makuu ya jimbo, wakiwa na viti 111 kati ya 163 vya Baraza la Wawakilishi na 24 kati ya 34 vya Seneti. Yaani waliwaajiri waliokuja kubomoa walichokijenga wenyewe.

Kwanza nilimjibu swali lake la ruhusa, maana hilo ni jepesi. Missouri inawaruhusu wananchi kukusanya saini na kupeleka hoja moja kwa moja kwa wapiga kura. Ukitaka sheria ya kawaida, unahitaji saini sawa na asilimia 5 ya kura za ugavana katika maeneo sita kati ya manane ya uchaguzi wa Bunge la Marekani. Ukitaka kubadili katiba ya jimbo, ni asilimia 8. Wenye fedha kidogo huchukua njia ya kwanza, na hapo ndipo wanapoumia, kwa kuwa sheria ya kawaida bunge linaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida bila kumrudia mwananchi. Sheria ya wananchi ya 2010 ya kudhibiti wazalishaji wa mbwa ilinyofolewa hivyohivyo mwaka uliofuata. Ndiyo maana bangi, bima ya afya ya Medicaid na haki ya kutoa mimba vyote vimeingizwa katika katiba, mahali ambapo bunge haligusi bila kura nyingine ya wananchi.

Lakini kwa nini walitaka kufuta? Jibu la shemeji lilikuwa "dharau". Mimi sikubaliani naye.

Tazama Medicaid. Agosti 2020 wapiga kura waliidhinisha kupanua bima hiyo ya afya kwa watu wa kipato cha chini, kwa asilimia 53. Mwaka uliofuata bunge likakataa kutenga fedha, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kwa kauli moja, Julai 2021, kwamba upanuzi ule ni halali na watu waandikishwe. Wabunge waliokataa walikuwa wanasema: watu wa kwangu walipiga hapana. Wengi wao walikuwa wakweli! Ile asilimia 53 ilirundikana St. Louis, Kansas City na Columbia. Kura ya jimbo zima inazimwaga zote katika kapu moja na kuhesabu. Bunge lina makapu 163, na kapu la mjini likifurika halimpunguzii chochote mbunge wa kijijini.

Halafu kuna Agosti. Sehemu kubwa ya maeneo hayo 163 ya wabunge chama kimoja kina uhakika nayo, hivyo Novemba ni kama harusi ambayo mahari ilishalipwa. Shughuli yote huwa kwenye mchujo wa chama, unaofanyika Agosti, ambao wapiga kura wachache zaidi hujitokeza, na wanaojitokeza ni wenye msimamo mkali kuliko jirani zao. Hiyo ndiyo kura ya maoni ya tatu, ya mtindo wa CCM. Ongeza kwamba tangu 1992 katiba inamzuia mtu kukaa zaidi ya miaka minane katika kila chumba cha bunge. Mwakilishi kijana anayetaka kwenda Seneti anajua kuna Agosti nyingine inamsubiri, na huko hakuna atakayemshangilia kwa sababu aliilinda likizo ya mfanyakazi wa ghala.

Utafiti wa maoni, ile kura ya pili, unaingia wapi hapa? Kwa kiasi kidogo kuliko tunavyopenda kuamini sisi tunaoishi kwa takwimu. Mtu anaweza kumwambia mtafiti kwamba anataka mshahara upande na bado akabaki na chama chake. Shabiki wa Yanga hahamii Simba kwa sababu Simba wamepunguza kiingilio.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kidogo, maana kuna 2018. Mwaka uliotangulia, bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mikataba inayomlazimisha mfanyakazi kuchangia chama cha wafanyakazi. Vyama hivyo vikakusanya saini zaidi ya 300,000 kuizuia isianze hadi wananchi waamue, na Agosti 2018 ikaangushwa kwa asilimia 67. Asilimia 67 haiwezi kutoka mjini peke yake. Ilitoka pia kwa mafundi umeme na wafanyakazi wa viwandani wanaowapigia Warepublican kila mara. Tangu hapo bunge halijathubutu kuipitisha tena, ingawa Warepublican wamebaki na wingi uleule. Sauti ilipofika ndani ya makapu yao, waliisikia vizuri sana.

Hata mwaka 2025 hawakufuta kila kitu. Dola 15 waliziacha. Walichoondoa ni likizo, pamoja na kifungu cha kupandisha kima cha chini kila mwaka kulingana na bei za bidhaa. Nadhani walijua wanachofanya: mshahara ukipungua mtu anauona Ijumaa ile ile ya malipo, lakini likizo iliyoanza Mei wengi walikuwa hawajaitumia hata siku moja, na nyongeza ya miaka ijayo haina mtu wa kuililia.

Shemeji alininyamazia kidogo, akauliza: basi mwakani tunaiweka kwenye katiba, yaishe?

Inawezekana. Ila Septemba 2025 bunge lilikaa kikao maalumu na kupitisha pendekezo jingine: mabadiliko ya katiba yanayoletwa kwa saini za wananchi yapate wingi katika kila moja ya yale maeneo manane. Manane yote. Moja likisema hapana, limekufa, hata kama jimbo zima limesema ndiyo. Mabadiliko yanayoletwa na bunge lenyewe hayahusiki na sharti hilo. Kwa lugha yangu ya makapu, wanataka kura ya wananchi nayo ihesabiwe kwa makapu.

Pendekezo hilo lenyewe lazima liende kwa wananchi kwanza. Nilimweleza shemeji kwamba ili lipite linahitaji wingi wa kawaida tu, jimbo zima, kapu moja. Akacheka mpaka akakohoa.