Je, wajua kwa nini sabufa ina tundu?

Nilipounda sabufa yangu ya kwanza hapa Arusha, niliamini tundu la mbele ni la kutolea upepo, spika isibanwe. Nikatoboa tundu la upana wa sentimita 10, basi. Ikavuma kama debe. Fundi redio akasikiliza kidogo, akauliza: “Bomba lake liko wapi?”

Wengine husema tundu linafungulia besi iliyonaswa ndani, wengine kwamba linapoza sumaku. Lingekuwa la upepo tu, boksi lisilo na mgongo lingekuwa bingwa. Kumbe hilo ndilo huua besi: koni, ile sahani ya spika inayotikisika, ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na hewa inazunguka ukingoni kuziba pengo.

Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma mpini. Mkono unarudishwa, maana hewa iliyofungiwa ni springi. Hewa ya ndani ya boksi ndiyo springi hiyo. Hewa ya ndani ya bomba ni kizibo kinachochezeshwa nayo. Kizibo kizito hukawia kurudi, na kukawia huko ndiko sauti kuwa nzito. Bomba likirefuka, kizibo kinaongezeka uzito. Boksi likipanuka, springi inalegea. Chupa ya soda unayoipuliza mdomoni hufanya vivyo hivyo.

Boksi langu ni la lita 50. Tundu tupu lilivuma karibu na mitetemo 70 kwa sekunde. Bomba la plastiki la sentimita 15 lingeishusha hadi 46 hivi. Kufika 32 ilihitaji sentimita 37, na boksi halina kina hicho. Bomba likapindwa kwa kiwiko cha maji taka.

Kituko ni hiki: kwenye noti hiyo ya 32 koni karibu inasimama. Iguse, imetulia, weka mshumaa tunduni, mwali unayumba. Chini ya hapo mambo hugeuka, koni inapepea bila breki na inaweza kuchanika.

Nilihofia pia mwinuko wetu wa mita 1,400 hivi. Hewa nyepesi hulegeza springi na kupunguza uzito wa kizibo kwa kiasi kilekile, hivyo noti haihami. Baridi huishusha, ila kiduchu. Kama umeshusha hadi 32 na bado unasikia mngurumo mkubwa, kagua bati la paa kwanza, huenda ndilo linalotetema.