Dawa na chakula kutoka nje: kibali, ukaguzi na sababu za mzigo kukwama

Dawa imeshasajiliwa. Bado inahitaji kibali cha kuingiza?
Ndiyo. Usajili unahusu dawa yenyewe: kiwanda, viambato, lebo. Kibali kinahusu shehena moja: kiasi gani, kutoka kwa nani, kupitia mpaka upi. Kiombwe kabla mzigo haujapakiwa, kwani uliofika bila kibali huweza kurudishwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwagizaji. Mofini na jamii yake, yaani dawa kali za maumivu zinazoweza kulevya, huhitaji vibali viwili, cha nchi inayopokea na cha inayotuma, kwa mujibu wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961.

Nyaraka zote ninazo, mbona mzigo umezuiwa?
Anza na namba ya toleo, yaani namba ya kundi la dawa zilizotengenezwa kwa pamoja. Mkaguzi hulinganisha ankara, cheti cha uchambuzi (matokeo ya vipimo vya kiwanda) na boksi lenyewe; tarakimu moja ikipishana, mzigo unasimama. Huo si urasimu mtupu: toleo likija kugundulika lina kasoro, namba hiyo ndiyo itakayotumika kulisaka madukani. Cheti cha toleo jingine, hata la dawa ileile, hakisaidii kitu.

Kama cheti kipo, sampuli za nini tena?
Cheti kinaeleza kile tu ambacho kiwanda kilipima. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na dietilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo. Sumu hizi huingia kupitia viyeyushi kama gliserini iliyochafuliwa au kughushiwa. Kupima kiambato tiba peke yake hakuzioni. Lazima zitafutwe zenyewe.

Na nafaka au karanga?
Hapo adui ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu (fangasi), na haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa nayo tele na la jirani likawa safi. Konzi moja ya mlangoni mwa kontena haithibitishi lolote. Sampuli ndogondogo zichukuliwe kutoka magunia mengi, zichanganywe na kusagwa, ndipo zipimwe. Kupika kwa kawaida hakuiondoi sumukuvu.

Mzigo wa baridi je?
Chanjo nyingi na insulini hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto tu, ilhali chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kipande cha barafu kilichogusana na boksi kinatosha kuigandisha. Kifaa cha kurekodi jotoridi kisomwe kabla ya kupokea mzigo, na saa zisizo na kumbukumbu zitolewe maelezo na msafirishaji.