Mchango wa macho ya koko: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Koko amezeeka, hizo dola tuwalipie watoto masomo." Neno hilo halikosi Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako koko ni babu au bibi, familia inapoitana kuchangia upasuaji wa mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho. Wanaolisema si wabaya, wanahesabu vibaya tu. Mzee asiyeona ana mjukuu wa kumshika mkono hadi chooni, na mjukuu huyo ndiye anayekosa shule. Umri peke yake haumzuii daktari. Anachopima ni presha, sukari, na hali ya jicho kwa nyuma.

Kungoja mtoto wa jicho "aive" ni ushauri wa zamani. Leo mgonjwa hupasuliwa pindi uoni unapomzuia kufanya shughuli zake. Lenzi yenye ukungu hutolewa, ya bandia huwekwa mahali pake, jambo alilolianzisha daktari wa macho Harold Ridley kule London mwaka 1949. Ukichelewa mno, lenzi huwa ngumu na kazi ya daktari huzidi. Matone ya sokoni hayaiyeyushi, hata muuzaji wa Kadutu aape vipi. Wala jicho halitolewi nje likaoshwe! Linatiwa ganzi, mgonjwa kwa kawaida yuko macho, na wengi hulala kwao siku hiyohiyo.

Kinachovuruga michango zaidi ni kudhani kwamba bei ya upasuaji ndiyo gharama yote. Koko akitoka kisiwa cha Idjwi, kuna nauli ya boti, yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi. Kuna chakula, vipimo vya kwanza, matone ya wiki kadhaa, siku za kurudi kuonwa, na mara nyingi miwani ya kuonea karibu. Tena kwa kawaida huanzwa jicho moja, la pili baadaye, kwa hiyo nauli mara mbili. Ombeni proforma, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, hospitalini kabla ya kufungua kikundi cha WhatsApp. Mlipe kwa kashia, picha ya risiti ionwe na wote. Pesa ikilala kwenye M-Pesa ya mjomba, huamka na shida nyingine za kutatua.

"Amepasuliwa na bado haoni, tumeibiwa." Huenda sivyo. Kama glakoma, ugonjwa mwingine wa macho, ilikwisha kuharibu neva ya jicho, upasuaji huu hauirudishi. Ndiyo maana daktari aulizwe mapema koko atarajie kuona kiasi gani. Na ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, ni utando ulio nyuma ya lenzi mpya. Husafishwa kwa leza, bila kupasua tena.