Je, wajua kwa nini wanazuoni walipingana kuhusu kuhama nchi isiyo ya Kiislamu?

Mwaka 1491, miezi michache kabla Granada haijaanguka mikononi mwa Wakristo, Ahmad al-Wansharisi, mufti mkubwa wa mji wa Fez, aliletewa swali la kusikitisha. Baadhi ya Waislamu wa Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, walikuwa wamehama kwa ajili ya dini yao wakaingia Moroko, lakini huko riziki iliwawia ngumu, wakaanza kujuta na hata kutamani kurejea walikotoka. Al-Wansharisi aliwajibu kwa ukali mno kwamba kuhama ni faradhi mpaka Siku ya Kiyama, na kwamba nyumba na mashamba waliyoyaacha si udhuru. Kisha akaulizwa juu ya mtu wa Marbella aliyekuwa akiwasemea Waislamu wanyonge mbele ya watawala wa Kikristo, na wanyonge hao wangepotelewa na mtetezi lau angeondoka. Hata huyo hakuruhusiwa kubaki.

Katika zama zilizokaribiana na hizo, Shihabuddin ar-Ramli, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1550, aliulizwa kuhusu Waislamu wa Aragon, katika Hispania hiyo hiyo, waliokuwa chini ya mfalme Mkristo, wakimlipa kodi, huku wakiswali na kuidhihirisha dini yao bila ya kusumbuliwa. Yeye alisema si wajibu kwao kuhama, bali haifai wahame, kwa sababu kubaki kwao kunatarajiwa kuwavuta wengine kwenye Uislamu, na wakiondoka nchi yao itageuka kuwa Darul-Harb, yaani nchi ya vita isiyo ya Kiislamu.

Ilikuwaje wasomi wawili wa Kisunni wakatofautiana hivyo? Dalili walizokuwa nazo ni zile zile. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 97, Malaika wanawalaumu waliosema kuwa walidhoofishwa, wakiwauliza kama ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa na nafasi ya kuhamia. Ipo Hadithi katika mkusanyiko wa Abu Dawud ambamo Mtume (S.A.W.) anajitenga na Muislamu anayekaa baina ya washirikina, ingawa wataalamu wa Hadithi wamebishana juu ya isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Kwa upande mwingine, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba baada ya kufunguliwa Makka hapana tena Hijra. Al-Wansharisi, aliyekuwa wa madhehebu ya Maliki, aliona kauli hii inahusu kuhama Makka tu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ar-Ramli alikuwa mmoja wao, walitazama zaidi sababu ya hukumu: Bi Aisha alikwisha kueleza kuwa waumini wa mwanzo walikimbia na dini yao kwa kuogopa fitina, yaani kuteswa ili waiache dini, hivyo fitina ikiondoka, ulazima nao huondoka. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1058, alifika mbali zaidi akasema kwamba mahali Muislamu anapoweza kuidhihirisha dini yake, kukaa hapo ni bora kuliko kuhama. Msomaji wa pwani yetu, iliyokulia katika madhehebu ya Shafi, atatambua ni upande gani masheikh wake wameegemea.

Hata hivyo, al-Wansharisi asidharauliwe. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile, ufalme wa Kikristo wa Hispania, walilazimishwa kuchagua baina ya kubatizwa na kuondoka, na mwaka 1504 mufti mwingine, al-Wahrani, akawa anawaandikia waliobaki namna ya kuswali kwa siri, hata kwa ishara. Hofu ya mufti wa Fez haikuwa ya bure.

Lakini nao ukali una gharama yake, na anayeilipa mara nyingi si yule aliyetoa fatwa. Mwaka 1920 maelfu ya Waislamu wa India, wakiitikia wito wa kuihama nchi iliyotawaliwa na Waingereza, waliuza mashamba na mifugo kwa bei ya kutupa wakaelekea Afghanistan. Amiri Amanullah aliwakaribisha kwanza, ila nchi yake haikuweza kuwabeba wote, na ilipofika Agosti mpaka ulifungwa. Wengi walirudi mikono mitupu, na wapo waliofia njiani. Aya ya 98, inayomsamehe asiye na uwezo wala njia ya kuhama, ilisahauliwa kama kwamba haikufuata ile ya 97.

Ndiyo maana wanazuoni wengi humuuliza mwenye swali kwanza kama anaweza kuswali, kufunga na kuwalea watoto wake katika dini hapo alipo. Anayezuiwa, naye ana uwezo, huambiwa ahame, asiyezuiwa halazimishwi. Wala haisemwi kwamba aendako ni lazima pawe na mtawala Muislamu, kwani Masahaba waliokimbilia Uhabeshi walipokewa na Najashi, mfalme Mkristo, na Jaafar bin Abi Talib alikaa huko mpaka mwaka wa 7 Hijria, wakati Madina ilikuwa imekwisha kuwa dola ya Kiislamu. Waliporejea, Umar alimwambia Asmaa, mkewe Jaafar, kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa Hijra. Asmaa alikasirika akaenda kushtaki kwa Mtume, naye akamjibu kwamba Umar na wenzake wana Hijra moja, nanyi watu wa jahazi, mliovuka bahari kwenda Uhabeshi kisha mkaja Madina, mna Hijra mbili.