Sindano tano za Yambuku

Kila kundi jipya la wanafunzi wa ITM na ISTM, shule zetu za uuguzi, likija staji (mazoezi ya kazi) kwenye kituo chetu hapa Goma, swali la kwanza ni lilelile: "Mama, Ebola ikirudi tutavaa nini?" Siwashangai. Walikuwa bado wadogo Julai 2019, mgonjwa wa kwanza alipoingia mjini akitokea Butembo, na siku chache baadaye OMS, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya kimataifa. Walichokiona ni mavazi: miwani, aproni, buti, mtu kafunikwa mpaka hujui ni baba au mama. Ndiyo maana wengi wanadhani kinga ni vazi la siku mbaya.

Mimi huwarudisha kwanza Yambuku, 1976, Ebola ilipozuka pale.

Hospitali ya misheni pale, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ilikuwa na vitanda 120 na wagonjwa wengi wa kuja na kurudi. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano. Tano hizo zitumike kliniki, wodini na kwa wajawazito, kutwa nzima. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa kwenye chombo cha maji ya uvuguvugu, basi. Pengine jioni zilichemshwa. Mtu alikuja na homa, akachomwa dawa ya malaria kama wengine wote. Mlipuko ulipokwisha walihesabiwa wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, milango ikafungwa, na kule kufungwa kwenyewe kukasaidia kukata mnyororo wa maambukizi, kwa sababu sindano zilikoma.

Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa, aliwatoa wagonjwa damu mikono mitupu, glavu hazikuwapo. Aliona damu haikomi pale alipochomoa sindano, inamchuruzikia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni. Alinusurika, na ndiye aliyekuja kuiongoza INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

Vitabu vya shule huanza na Florence Nightingale na taa yake. Sina ugomvi naye, ingawa wanafunzi hukariri taa na kusahau kwamba vifo vya Scutari, hospitali ya jeshi huko Uturuki alikofanya kazi, vilishuka sana baada ya mitaro michafu chini ya hospitali kusafishwa, 1855. Lakini muuguzi wa Kongo ana historia yake nyumbani, nayo inafundisha jambo moja bila kuzunguka: hakuna aliyejua kwamba ile homa haikuwa malaria. Kwa hiyo kanuni za kawaida za kinga zinamhusu kila mgonjwa, kila siku, kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Hata mwaka 2018 na kuendelea, huku Kivu Kaskazini na Ituri, wengi waliambukizwa kwenye vituo vya kawaida, ambako mgonjwa wa Ebola alilazwa karibu na mwenye malaria.

Sasa tazama kinachotokea wodini. Mwanafunzi anavaa glavu saa mbili asubuhi. Anashika ukingo wa kitanda, anaandika kwenye fishi ya mgonjwa, simu inalia mfukoni anaikata, kisha anafungua mpira wa seramu (dripu) ya mtoto ili asukume dawa. Glavu ni zilezile. Ukimuuliza, anakuonyesha mikono kwa fahari: "Nimejikinga, Mama." Kweli, amejikinga yeye. Mtoto amepata kila kitu kilichokuwa kwenye simu.

OMS inataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Wakati wa pili na wa tano husahaulika mara nyingi. Glavu haiondoi hata mmoja: unanawa kabla ya kuivaa na baada ya kuivua. Mikono ikionekana michafu, tumia maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kwa jumla. Isipoonekana chafu, alkoholi ya mikono sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Kupunga mikono hewani ili ikauke upesi ni kujidanganya.

Maji, najua. Goma tunakaa kando ya ziwa na bado tunanunua maji kwa bidoni (madumu). Lakini bidoni ya lita 20 yenye robine (bomba) inatosha kunawisha watu wengi kuliko beseni ambalo kila mtu anachovya mikono. Beseni liondoke.

Halafu klorini. Familia za wagonjwa hupima usafi kwa harufu, na wauguzi wengine pia. Harufu si kipimo. Kwa sakafu na vitu vilivyoguswa na damu tunatumia klorini ya 0,5%: ukiwa na javeli (klorini ya maji) ya 5%, kipimo kimoja cha javeli na tisa vya maji. Ukiwa na HTH, klorini ya unga, ya 70%, ni gramu 7 hivi kwa lita. Soma kibandiko kwanza, maana javeli za sokoni hazilingani nguvu. Inatengenezwa upya kila siku, inafunikwa, inawekwa mbali na jua. Damu nyingi au uchafu huimaliza nguvu, kwa hiyo ondoa uchafu kwanza, ndipo uue vijidudu. Wala usiichanganye na asidi ya chooni; gesi yake inaunguza mapafu.

Sindano leo ni za kutumia mara moja, lakini bado zinatuchoma, hasa anayerudishia kifuniko kwa mikono miwili. Usirudishie. Itupe papo hapo kwenye boksi lake, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Ukichomwa, usikamue kidole. Osha kwa maji na sabuni, mwambie titileri, muuguzi mkuu wa kituo, hapohapo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, humezwa siku 28, na kila saa unayochelewa inazipunguzia nguvu. Usingoje zamu iishe.