Mbalamwezi siyo usiku wa kuangalia nyota, jamani

Juzi nimepigiwa simu tena, mgeni anataka kuja kuangalia nyota kwenye nyanda za nyasi fupi kusini mwa Serengeti na tarehe keshachagua mwenyewe: mwezi mpevu, "ili kuwe na mwanga tuone vizuri." Hapana jamani. Mbalamwezi inafuta nyota. Waulizeni wavuvi wa dagaa pale Ziwa Victoria, mbalamwezi wanapumzika, giza likirudi ndo wanaingia ziwani na taa zao, maana taa haimvuti dagaa wakati ziwa zima linang'aa.

Wengine nikiwaambia hivyo wanaruka upande wa pili, eti basi lazima mwezi uwe umepotea kabisa. Si lazima! Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku nne baada ya kuwa mpevu unatoka kwenye saa 4 usiku, na huku kwetu giza haliko mbali na machweo, Februari saa 2 na robo limeshakolea. Hapo unapata karibu saa mbili za nyota tupu, halafu mwezi unapanda mwekundu nyuma ya migunga na unaanza kuona migongo ya nyumbu uwanda mzima. Huo usiku naupenda kuliko wote.

Darubini siyo lazima. Yape macho nusu saa na simu ikae mfukoni, ukiichungulia tu unaanza upya. Taa nyekundu inasifiwa kama dawa ila ikiwa kali inakuharibia macho vilevile, nimeiona mara nyingi. Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizobanana, ukikikodolea kinafifia, angalia pembeni yake kidogo, nyota zinaongezeka. Kusini kuna Suheli, nyota kali sana, na chini yake doa kama moshi, wageni wote wanasema wingu: ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine kabisa, mwanga wake umesafiri miaka kama 160,000. Ni la kijivu. Zambarau ya kwenye picha hutaiona, hiyo ni kazi ya kamera.

Mwezi gani wa mwaka ni bora? Hapo mwenyewe nabadilika kila mwaka. Kiangazi mawingu machache lakini vumbi na moshi wa nyasi vinachafua upeo, Februari mvua ikipita anga linakuwa limeoshwa, ila wingu nalo linaweza kukaa mpaka alfajiri.

Yule mgeni nimemwomba asogeze siku nne mbele. Amekubali.